Machozi ya Tarawehe

Jumamosi, 23 Septemba 2006

Daftari hili kaninunulia binti yangu Raisa, kwenye duka la vitu rahisi hapa mtaani kwetu Shard End, nchi ya Waingereza. Mwalimu wao kawaambia kwamba mtu mwenye hasira akiziandika hupoa. "Write it down, Dad, instead of shouting at the telly." Ana miaka kumi na mitano na hakuna asilolijua. Kiswahili anakisikia chote, hasa ninapomsema, lakini majibu yake yote ni ya Kiingereza.

Basi naandika. Kesho tunaanza kufunga, na leo nimeletewa paka.

Paka mwenyewe ni wa Bi Aida. Bi Aida ni mwanamke wa Kiunguja, anakaa kule Harborne na kufanya kazi sehemu ya kufulia nguo za hospitali. Aliachika zamani, hana mtoto, na mimi nataka kumwoa. Naandika wazi kwa sababu humu hakuna wa kunicheka. Mama yake Raisa amefariki miaka kadhaa sasa. Mimi ni dereva wa basi. Nashinda na watu mgongoni kutwa nzima, nikirudi nyumbani sina wa kumwambia kwamba leo barabara ilikuwa mbaya.

Kikwazo ni kaka yake, Mkubwa, ambaye ndiye walii wake, mwenye idhini ya kumwozesha. Hanitaki. Aliwahi kuniona nikigombania pa kuegesha gari mbele ya madrasa yetu ya Soho Road, tena hata viatu sijamaliza kuvaa baada ya sala. "Yule hana utulivu wa ibada," kasema. Maneno hayo yamenifikia kupitia watu wanne, kila mmoja kayaongezea chumvi yake.

Asubuhi Bi Aida kaja na kikapu. Anakwenda Unguja mwezi mzima, mama yao anapasuliwa mtoto wa jicho.

"Bwana Mwinjuma, Kaka hapatani na huyu, ati nikimwachia anamkwaruzia makochi. Nimesema nikuachie wewe. Mkielewana, nikirudi tutazungumza."

Alisema "tutazungumza" huku akiangalia chini. Angenipa chui ningempokea.

"Ondoa shaka," nikamwambia. "Mimi na paka tunapendana damu damu."

Paka anaitwa Diwani. Mweusi, kifua cheupe, tumbo la mtu anayealikwa kila karamu. Kaikagua nyumba chumba kwa chumba, kisha kapanda kitandani kwangu na kulala juu ya kanzu yangu ya tarawehe, niliyotoka kuipiga pasi.

Jumatatu, 25 Septemba

Nimepiga chafya tangu daku. Hewa imebadilika.

Jumatano, 27 Septemba

Mafua yamekaza. Macho mekundu, pua bomba. Jirani yetu Cyriaque, Mkongo wa Bukavu, kaniona dirishani nikijifuta. Haukupita muda kagonga mlango, yeye na mkewe Jeanne na sufuria ya sombe, kisamvu chao.

"Ndugu Mwinjuma, pole sana. Tunajua. Bibi yako, mama wa Raisa, alikufaka mu mwezi kama huu."

"Ni mafua tu, Cyriaque."

"Eh! Mwanaume analia, anasema ni mafua. Lia tu, ndugu yangu. Courage."

Jeanne kanishika mkono, naye machozi yanamlengalenga. Nimepokea sombe. Nimefuturia, na ilikuwa tamu kweli.

Jumapili, 1 Oktoba

Jana kumetokea jambo.

Nilifika madrasa kwa tarawehe nimevaa ile kanzu. Nikasimama safu ya mbele, na kwa bahati yangu aliyesimama pembeni yangu ni Mkubwa. Imamu kaanza sura ndefu, na kanzu ikaanza kunila. Pua ikawasha, macho yakawasha, masikio yakawasha kwa ndani. Ningekuwa nyumbani ningejikuna kwa uma. Lakini sisi wa madhehebu ya Shafi, mtu akijitikisa mara tatu mfululizo ndani ya sala, sala imekwenda na maji. Na mbele ya Mkubwa! Nikakaza mwili. Machozi yakateremka mashavuni, yakapita ndevuni, yakadondoka kwenye mkeka, na mimi sijanyanyua hata kidole. Pumzi nikawa naivuta kwa kukatakata.

Tukatoa salamu. Mkubwa kaniwekea mkono begani.

"Mashaallah," kasema taratibu. "Mashaallah, sheikh."

Sijapata kuitwa sheikh ila na watu wanaotaka kupanda basi bure. Nilitaka kumwambia ni mafua. Nikafungua mdomo, ikatoka chafya, na safu nzima wakaniombea rehema.

Jumanne, 3 Oktoba

Mwanamke mzee wa Kizungu kashuka kwenye basi langu, kanitazama macho, kanipa karatasi ya kufutia pua. "She ain't worth it, bab," kasema. Kadhani namlilia mwanamke aliyeniacha. Nimemwambia asante.

Jumatano, 4 Oktoba

Raisa kanikalisha jikoni kama mimi ndiye mtoto.

"Dad, it's not a cold. It's Diwani. You're allergic."

Nimemwambia asinichekeshe. Mimi nimekulia Tanga, paka wamejaa mpaka msikitini, hakuna aliyepiga chafya.

"They were outside, Dad. Here we've got carpet and the windows haven't opened since I was born."

Hata hivyo, baada ya kazi nilipitia duka la dawa. Kijana wa pale, Shiraz, hakuniuliza hata maswali mawili. Kasema ni mzio wa paka, tena nimechelewa kuja. Kanipa vidonge visivyoleta usingizi, kimoja kwa siku, nikimeze wakati wa daku. Na paka asiingie chumba cha kulala. Nikarudi nyumbani nikamweleza Diwani. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kapanda ngazi kwenda kulala chumbani kwangu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Dawa ni kiboko. Jana nilisali tarawehe macho makavu, nikasikia kila herufi aliyosoma imamu. Nilikuwa mzima kuliko watu wote mle ndani.

Wakati wa kutoka Mkubwa kanifuata mpaka kwenye ngazi. "Vipi, Bwana Mwinjuma? Leo nimekuona mkavu. Kuna lililoharibika?" Kauliza kwa upole, kama mtu anayemwuliza mwenzake juu ya biashara iliyofilisika. Na kaniita Bwana, hakuniita sheikh.

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo sikumeza.

Jumatatu, 9 Oktoba

Naandika hili na aibu imenijaa, lakini naandika. Jana tumeanza kunuti, maana mwezi umefika nusu, na katika kunuti kila mtu ananyanyua mikono mbele ya uso na imamu anaomba kwa sauti. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuta Diwani kajikunja juu ya kanzu. Ningeweza kumwondoa. Nikamwacha mpaka dakika ya mwisho, nikamgeuza na upande wa pili.

Nililia kilio cha haja. Mikono iko juu, uso uko wazi, taa za madrasa zile nyeupe zinamulika. Watu wawili nyuma yangu nao wakaanza kulia, na hawa najua hawana paka. Wamama nyuma ya pazia walisikika wakivuta makamasi.

Mkubwa kanialika futari Alhamisi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Futari ya Mkubwa: uji, mihogo ya nazi, samaki, sambusa. Kanikalisha kwenye kochi zuri, lile ambalo Diwani hajalikwaruza. Tulipokwisha kunywa chai kasema, "Nilikudhani vingine, sheikh. Mtu anayelia mbele ya Mola wake hawezi kumwonea mke. Akirudi Aida, mimi sina kipingamizi."

Nilikuwa nimekwisha kuanza kufurahi. Ndipo kaendelea, akiangalia kikombe chake.

"Unajua yaliyompata. Yule mume wa kwanza hakuwa mkali. Alikuwa hasemi. Aida akimwuliza kuna nini, anajibu hamna kitu. Miaka sita, hamna kitu. Mpaka siku moja talaka ikaja kwa posta, yeye yuko chumba cha pili. Dada yangu ana tatizo moja tu sasa: anayemficha jambo, hata dogo, kwake kesha kufa."

Nikasema ninahitaji maji.

Jumapili, 15 Oktoba

Bi Aida hupiga simu kila Jumapili. "Diwani hajambo?" Hajambo. "Na wewe, mbona sauti kama umefungiwa kabatini?" Hamna kitu, Bi Aida.

Nililisikia neno likinitoka. Sikuweza kulirudisha.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua kutwa. Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba nimeanza kumpenda paka huyu. Nikigeuza funguo mlangoni, Diwani kesha kufika ukumbini, kakaa, mkia miguuni, ananitazama kama mtu aliyekuwa na wasiwasi. Nimemweleza habari za barabara ya leo yote, kituo kwa kituo. Hakunikatiza hata mara moja. Kunikatiza nilijikatiza mwenyewe kwa chafya.

Jumatano, 18 Oktoba

Jana haikuwa ya mchezo.

Nilirudi kutoka kazini alasiri, nikapanda ngazi zangu kumi na kitu, nikafika juu sina pumzi. Kifua kinapiga mluzi. Nikakaa chini. Nilijaribu kumwita Raisa, sauti haikutoka. Aliyekuja kwanza ni Diwani, kanipandia mapajani kunifariji, na hapo ndipo hali ilipozidi.

Raisa alimbeba paka akamtupa bustanini, akamgongea Cyriaque, na Cyriaque akatupeleka kliniki na gari lake huku anaomba kwa sauti, Kifaransa na Kiswahili pamoja. Taa za barabarani zote zilikuwa za kijani. Yeye anasema si bahati. Kliniki wakanivutisha dawa kwa kikombe cha plastiki usoni. Saumu ikaenda. Daktari akauliza kama nina mnyama nyumbani. Nikasema paka. Akauliza kama nameza dawa. Raisa alinitazama, maana kesha kukiona kile kipakiti kimejaa vilevile.

Tulirudi nyumbani na pampu ya kuvuta. Raisa aliingia wa kwanza. Kisha kasimama katikati ya ukumbi, bado na koti.

"I've already buried Mum. I'm not burying you because of a cat and because you're scared of a lady."

Nikasema hamna kitu, mwanangu, yamekwisha.

Akaanza kulia, na yeye hana mzio wa kitu chochote. "Baba, usiniambie hamna kitu," kasema, kwa Kiswahili. "Mwambie. Mwambie Bi Aida."

Sijapata kujiona mdogo kama hivyo. Dawa nimemeza daku ya leo, na chumba nimekifunga.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimempigia Unguja. Mama yao kafunguliwa jicho, kamwona mwanawe uso, kacheka. Bi Aida analia kwa furaha kwenye simu. Ningemwambia vipi hapo? Nimesema alhamdulillahi. Woga ni woga tu, hata ukiuvisha kanzu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Kama dada mtu amenishinda, nimesema nianze na kaka mtu. Jana, kabla ya sala ya usiku wa ishirini na saba, nilimwita Mkubwa pembeni, kwenye makabati ya viatu.

"Bwana Mkubwa, nina jambo. Yale machozi si ya ibada. Ni paka."

"Paka?"

"Diwani. Nina mzio. Manyoya yake yanakaa kwenye kanzu, yananitoa machozi. Dawa ninayo. Niliacha kuimeza kwa sababu nilitaka unione mtu mwema."

Mkubwa kanikodolea macho. Midomo ikaanza kumcheza. Nikajua sasa ananifukuza.

"Subhanallah," kasema, na macho yakamjaa. "Hawa watu nimesikia habari zao tangu mdogo. Wanaficha ibada yao kwa kila hila wasije wakasifiwa. Lakini kusingizia paka! Hiyo sijapata kusikia."

"Nakwambia kweli."

"Najua, sheikh, najua. Siri yako iko salama."

Siri ilikaa salama mpaka safu ya tatu. Imamu alipomaliza, kila mtu kesha kuambiwa kwamba Mwinjuma, kwa unyenyekevu wake, amesingizia paka. Wakaniweka mbele niwaombee dua. Mimi nimemeza kidonge, kanzu nimeifua kwa maji ya moto, macho makavu kama jangwa. Na wao nyuma yangu wote wanalia. Mkubwa ndiye aliyelia kuliko wote.

Nimeomba dua fupi. Sehemu kubwa niliomba ya kwangu.

Jumapili, 22 Oktoba

Bi Aida karudi. Kaja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na mfuko wa karafuu na ubani wa Raisa. Kakaa jikoni, Diwani mapajani, anafurahi. Mimi nimesimama karibu na mlango uliofunguliwa, na kwenye meza ile pampu, ambayo nilikuwa nimeacha kuificha. Hilo tu ndilo nililoweza.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Tangu lini una pumu?"

"Tangu Diwani."

Nikamweleza yote. Nilianza na chafya, nikamalizia na dua. Nilipofika pale pa makabati ya viatu nilidhani atacheka kidogo. Hakucheka.

"Kila Jumapili nilikuuliza," kasema. "Kila Jumapili. Kama ungeniambia siku ya pili tu kwamba paka anakuumiza, ningempigia mwenzangu wa kazini aje amchukue, na nisingekuona mbaya. Ungekufa juu ya ngazi, Mwinjuma, na mimi niko Unguja naambiwa hamna kitu. Mume wa hamna kitu nilikwisha kuwa naye."

Hakuniita Bwana. Kamtia Diwani kikapuni, kamfunga, kampa Raisa salamu, kaondoka. Ubani ameuacha.

Nimeumia. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumatatu, 23 Oktoba

Wenzetu wa barabara ya pili wamesali Idi leo. Sisi mwezi hatujauona. Nyumba imepigwa ufagio wa mashine, madirisha yako wazi, napumua vizuri sana. Nilipotoka kazini nikafungua mlango nikatazama chini, pale alipozoea kunisubiri Diwani. Hakuna mtu.

Jumanne, 24 Oktoba, Idi

Nilitaka kubaki nyumbani baada ya sala. Raisa kanivuta kwa kofia. Kila Idi watu wote wa madrasa hula kwa Mkubwa pale Handsworth, na kasema nisipokwenda nitakuwa nimeficha jambo jingine tena.

Mkubwa alinifungulia mlango bila kunitazama. Dada yake kesha kumweleza, na safari hii kaamini. Hakuniita sheikh wala Bwana. Kasema "Idi mubaraka" kama mtu anayelipa faini. Nikakaa pembeni, kwenye kigoda cha watoto.

Bi Aida katoka jikoni na sinia la tambi. Kawagawia wageni, na kila mmoja akionja anasema mashaallah, mikono yako, Aida, mama yako kakufunza. Kafika kwangu. Kanipa sahani, akabaki amesimama.

"Na wewe, Bwana Mwinjuma. Zikoje tambi zangu?"

Nikaonja. Zilikuwa zimeungua. Si kidogo; chini zilikuwa zimeshika sufuria, na mtu kajaribu kuufunika moshi kwa sukari na iliki. Ukumbi mzima ukanitazama. Imamu alikuwa bado anatafuna, taratibu sana. Mkubwa kaniminya paja.

Nililiona lile neno limesimama mlangoni mwa kinywa changu, tayari kutoka. Nikalimeza pamoja na tambi.

"Zimeungua, Bi Aida," nikasema. "Na sukari imezidi. Na paka wako ananitoa roho. Kukaa naye siwezi mpaka mazulia yote yang'olewe, alale jikoni, na mimi nimeze dawa kila siku. Hata hivyo sina hakika. Huenda ikashindikana, na ikishindikana nitakwambia siku hiyohiyo. Lakini nimemkumbuka. Na wewe nimekukumbuka zaidi, na ninaogopa kwamba nimechelewa kusema."

"Astaghfirullah," kasema Mkubwa, mbele ya imamu.

Bi Aida kainama. Kachukua kijiko changu, kachota kwenye sahani yangu, kaonja. Katafuna. Kisha kageuka, kawatazama wageni mmoja mmoja, na wote wakainamia sahani zao.

"Kweli zimeungua," kasema. "Kaka, mwambie huyu alete posa. Mliobaki humu ndani nyote waongo."

Raisa alipiga kelele. Wamama wakapiga vigelegele kule chumbani, ijapokuwa hakuna aliyewaambia kuna nini. Mimi nikataka kusema neno, machozi yakaanza kushuka, yaleyale, mashavuni mpaka ndevuni. Mkubwa kanisogelea. Kanitazama usoni kwa makini, kwa mashaka ya mtu aliyewahi kutapeliwa.

"Paka, sio?" kauliza.

Diwani alikuwa Harborne, amefungiwa jikoni.

"Hapana, Kaka," nikasema. "Safari hii si paka."